Hadithi za Mito Mitano na Wajibu wa Mlezi wa Watafiti

(Yafuatayo ni maneno yaliyotolewa mbele ya walimu na wanafunzi wa lugha na fasihi.)



Nimeombwa niseme juu ya kazi ya mwalimu wa chuo kikuu ambaye hufundisha fasihi ya watu wake, huchunguza visasili vyao, na husimamia utafiti wa vijana. Ningeweza kuieleza kazi hiyo kwa maneno ya jumla, lakini maneno ya jumla hayashibishi. Kwa hiyo nimechagua mfano mmoja, nao ni lugha ya Kipunjabi. Najua baadhi yenu mtashangaa na kuuliza: sisi na Kipunjabi tuna uhusiano gani?

Uhusiano upo, na ni wa zamani. Kati ya mwaka 1896 na 1901, wakoloni wa Kiingereza walipojenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, walileta wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, na wengi wao walitoka Punjab. Karibu 2,500 kati yao walikufa katika kazi hiyo. Wengi wa waliopona walirudi kwao. Wengine walibaki, na baadaye wakaja ndugu zao. Huyo ndiye tuliyezoea kumwita Kalasinga. Tulimjua kwa kilemba chake, kwa nyundo yake na kwa spana yake. Tukaisifu mikono yake. Lakini ni wangapi miongoni mwetu waliowahi kujiuliza mama yake alimsimulia hadithi gani alipokuwa mtoto?

Hata Makhan Singh, yule mpiganaji wa vyama vya wafanyakazi aliyezuiliwa na serikali ya kikoloni ya Kenya tangu mwaka 1950 hadi 1961, tunamkumbuka kwa migomo na madai ya uhuru. Ni wachache wanaojua kwamba alikuwa pia mtunzi wa mashairi ya Kipunjabi. Hiyo ndiyo kasumba tuliyorithi. Ukoloni ulitufundisha kumwona mwenzetu kuwa ni nguvu ya kazi tu, mtu mwenye mikono lakini asiye na ulimi. Nasi tulipotazamwa hivyo tulilalamika; lakini tulipowatazama wengine hivyo hivyo, hatukujali.

Ndugu zangu, jina Punjab linatokana na maneno ya Kiajemi yenye maana ya maji matano, yaani mito ya Jhelum, Chenab, Ravi, Beas na Sutlej. Lugha ya nchi hiyo husemwa na watu zaidi ya milioni 100. Fasihi yake inaanzia mbali. Yuko Baba Farid, sheikh wa Kisufi wa karne ya 12 na ya 13. Yuko Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469 na kufariki mwaka 1539, mwasisi wa dini ya Masingasinga. Kitabu kitakatifu cha dini hiyo kilipokusanywa mwaka 1604, beti za Farid, ambaye alikuwa Mwislamu, ziliwekwa ndani yake. Yuko Bulleh Shah, Msufi mwingine aliyewakejeli wenye kujivunia tabaka na madhehebu. Na yuko Waris Shah, ambaye mwaka 1766 alikamilisha utenzi wa Heer na Ranjha, hadithi ya wapenzi wawili ambayo kila Mpunjabi huijua, awe Mwislamu, Mhindu au Singasinga.

Waingereza waliiteka Punjab mwaka 1849. Katika ofisi za wilaya na mahakama waliweka Kiurdu, na juu ya Kiurdu wakaweka Kiingereza. Kipunjabi kiliachiwa nyumba na mashamba. Mkulima aliyekwenda mahakamani kudai ardhi yake alikuta shauri lake likiandikwa kwa lugha ambayo hakuzungumza na mkewe wala na wanawe. Nadhani hapa hamhitaji maelezo marefu; mambo haya tunayafahamu.

Kisha ukaja mwaka 1947. Punjab ilipasuliwa vipande viwili. Mamilioni ya watu walihama makwao na mamia ya maelfu waliuawa. Lahore ikawa Pakistan, Amritsar ikawa India, na kati ya miji hiyo miwili pana mwendo wa kilometa 50 tu. Mshairi Amrita Pritam, aliyehama kutoka Lahore, alitunga shairi la kumwita Waris Shah atoke kaburini aone yaliyowapata binti za Punjab. Fikirini, ndugu zangu: mbele ya maafa yale, mshairi hakumwita mfalme wala jemadari. Alimwita mtunzi aliyekufa zamani, kwa sababu alijua kwamba pande zote mbili za mpaka zingelitambua jina lake.

Lugha nayo iligawanyika. Mashariki, upande wa India, huandikwa kwa herufi za Gurmukhi. Magharibi, upande wa Pakistan, huandikwa kwa herufi zenye asili ya Kiarabu na Kiajemi, ziitwazo Shahmukhi. Kwa hiyo mwanafunzi wa Amritsar anaweza kumsikiliza mtu wa Lahore akamwelewa vizuri, lakini akipewa kitabu chake hawezi kukisoma asipofundishwa. Upande wa Pakistan ndiko waliko wasemaji wengi zaidi, lakini shule zao zimefundisha zaidi kwa Kiurdu na Kiingereza. Upande wa India wananchi walipigania lugha yao. Mwaka 1962 kilianzishwa huko Patiala chuo kikuu kilichopewa jina la lugha yenyewe, Chuo Kikuu cha Kipunjabi. Mwaka 1966 likaundwa jimbo la wasemaji wa Kipunjabi. Na mwaka 1967 sheria ikakifanya Kipunjabi kuwa lugha ya serikali ya jimbo hilo.

Nimeyaeleza haya kwa urefu ili tuelewe jambo moja. Kiti cha profesa wa Kipunjabi si zawadi iliyoshuka kutoka mbinguni. Ni tunda la mapambano ya watu. Basi anayekikalia ana deni kwa watu hao.

Sasa tutazame deni hilo lililipwaje. Nitawataja wawili.

Wa kwanza ni Harbhajan Singh, aliyezaliwa mwaka 1920 na kufariki mwaka 2002. Alikuwa mshairi mkubwa, tena mhakiki, na profesa wa Kipunjabi katika Chuo Kikuu cha Delhi. Mwaka 1969 alipata tuzo ya taifa ya fasihi ya India kwa mashairi yake. Lakini alifanya pia kazi isiyopigiwa ngoma: aliwalea watafiti. Aliwafundisha wasiishie kusema kwamba shairi hili ni zuri au ni baya, bali waonyeshe shairi limejengwaje, na maana yake inatokea wapi. Aliyachukua mawazo ya uhakiki kutoka Ulaya, akayapima kwa fasihi ya nyumbani. Kutokana na kazi hiyo watu wakaanza kuzungumza juu ya uhakiki wa Kipunjabi wa Delhi kuwa ni njia yenye sura yake.

Wa pili ni Sohinder Singh Wanjara Bedi, aliyezaliwa mwaka 1924 katika sehemu ya Punjab ambayo baadaye ilikuwa Pakistan. Alifanya kazi yake Delhi, akafariki mwaka 2001. Huyu alitumia maisha yake kukusanya masimulizi, imani, methali, nyimbo na desturi za Wapunjabi, akaziweka katika ensaiklopidia ya juzuu nane. Kitabu cha maisha yake, kilichopata tuzo ya taifa mwaka 1989, kina jina lililotoka katika ubeti wa Farid, lenye kuzungumzia njia ya matope na nyumba iliyo mbali. Kwa mtu aliyepoteza kwao mwaka 1947, jina hilo si pambo. Hakuweza kurudi kuijenga upya nyumba ile, akakusanya yaliyokuwa yakisemwa ndani yake.

Wapo watakaosema: visasili ni mambo ya vizee na watoto, taifa linalojenga uchumi lina haja gani navyo? Nawaomba watu hao wasikilize hadithi moja.

Wapunjabi husimulia kwamba mfalme Salwan wa Sialkot alipata mtoto wa kiume aitwaye Puran. Waaguzi wakasema mtoto huyo asionane na baba yake kwa miaka 12, naye akafungiwa mbali. Alipotoka alikuwa kijana mzuri. Wakati huo mfalme, ingawa alikwisha kuzeeka, alikuwa ameoa mke wa pili, msichana aitwaye Luna. Luna akampenda Puran. Puran akamkataa, naye Luna akamsingizia mbele ya mfalme. Mfalme akaamuru mwanawe akatwe mikono na miguu, atupwe kisimani. Baadaye akapita mtawa Gorakhnath, akamtoa na kumponya, na Puran naye akawa mtawa. Mwisho alirudi kwao, akawasamehe waliomdhulumu.

Kwa vizazi vingi hadithi hiyo ilisimuliwa ili kumsifu kijana mwema na kumlaani mwanamke mwovu. Katika karne ya 19 mshairi Qadir Yar aliitungia utenzi mashuhuri. Kisha mwaka 1965 kijana aitwaye Shiv Kumar Batalvi akatoa tamthilia ya kishairi, akaiita Luna. Hakuyabadili matukio makubwa. Alibadili swali. Aliuliza: huyu Luna ni nani? Ni binti wa watu wa tabaka la chini, aliyeozwa kwa mzee kwa sababu mzee huyo alikuwa mfalme. Nani alimuuliza anataka nini? Nani alihesabu dhuluma aliyotendewa kabla ya kuhesabu dhuluma aliyotenda? Kwa kitabu hicho Batalvi alipata tuzo ya taifa mwaka 1967, akiwa na umri mdogo kuliko wote walioipata kabla yake.

Ndugu Mwenyekiti, hapo ndipo tunapoona kwamba kisasili si mchezo. Ndani yake jamii imeweka sheria zake zisizoandikwa: nani anyenyekee, nani asamehewe, nani alaumiwe daima. Sheria ya bunge yaweza kufutwa kwa siku moja. Sheria iliyomo katika hadithi haifutwi mpaka mtu aisome upya na kuuliza ilisimuliwa kwa faida ya nani. Taifa lisilo na watu wa kuuliza hivyo linaweza kubadili bendera na wimbo, lakini likabaki na fikra zile zile za kikabaila.

Tena hadithi huvuka pale ambapo pasipoti haivuki. Kila mwezi Januari, katika sikukuu ya Lohri, watoto wa upande wa India huimba wimbo wa kumtaja Dulla Bhatti. Huyu husimuliwa kuwa mtu wa mashamba aliyeasi kodi za mfalme Akbar, aliyewanyang'anya matajiri na kuwaokoa mabinti wa maskini, na ambaye aliuawa Lahore mwishoni mwa karne ya 16. Kaburi linalotambuliwa kuwa lake liko Lahore, upande wa pili wa mpaka, naye alikuwa Mwislamu. Watoto wa Kihindu na wa Kisingasinga humwimba wakizunguka moto. Hakuna mkataba wa serikali ulioagiza jambo hilo.

Sasa nifike kwenye kiini cha maneno yangu, yaani usimamizi wa utafiti.

Mambo haya yote yamo vinywani mwa watu. Zamani waghani wa Punjab waliyarithishana baba kwa mwana. Mwingereza mmoja, Richard Carnac Temple, aliyekuwa ofisa wa kikoloni, alizikusanya hadithi nyingi na kuzichapisha katika juzuu tatu kati ya mwaka 1884 na 1900. Kazi yake ina faida hadi leo, nasi tusiwe wachoyo wa kukiri hivyo. Lakini jina lililobaki juu ya jalada ni la ofisa, si la mghani. Mghani aliimba, ofisa akawa mwandishi. Tofauti kati ya ukusanyaji wa namna hiyo na utafiti wa watu huru ndiyo kazi ya msimamizi.

Msimamizi mwema humfundisha mwanafunzi wake mambo yasiyomo vitabuni. Humfundisha kwenda kijijini bila kiburi, akakaa chini, akanyamaza, akasikiliza. Humwambia aandike nani alisimulia, wapi, lini, na mbele ya nani, kwa maana bibi akisimulia mbele ya wajukuu hasemi kama asemavyo mbele ya wakwe. Humkataza kuichagua simulizi moja na kuiita ya kweli, na kuzitupa nyingine kana kwamba ni makapi. Kwa Kipunjabi ana wajibu mwingine mkubwa: kuhakikisha kwamba mwanafunzi anasoma herufi zote mbili, Gurmukhi na Shahmukhi. Asipofanya hivyo, kila kizazi cha watafiti kitaurefusha ule mpaka wa mwaka 1947 ndani ya maktaba. Akifanya hivyo, mpaka utabaki ardhini, lakini elimu itapita.

Kazi hiyo ni ya polepole. Tasnifu moja ya uzamivu huchukua miaka, na msimamizi huisoma sura kwa sura, akirudisha, akisahihisha, akirudisha tena. Jina lake huandikwa mara moja katika ukurasa wa mbele, basi. Ndiyo maana kazi hiyo huharibika upesi pale ambapo shahada hugeuzwa kuwa bidhaa. India imeliona tatizo hilo. Shahada ya uzamivu ilipofanywa kuwa ngazi ya kupandia cheo, wanafunzi waliongezeka na mada zikarudiarudia: mtunzi huyo huyo, maswali yale yale, jalada jipya. Kanuni za tume ya vyuo vikuu ya nchi hiyo za mwaka 2022 zinaweka kikomo: profesa asisimamie zaidi ya watafiti 8 wa uzamivu kwa wakati mmoja, profesa mshiriki 6, na profesa msaidizi 4. Aidha, tasnifu huwekwa katika hifadhi ya mtandaoni iitwayo Shodhganga, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuzisoma. Hatua hizo ni za busara. Anayenakili huogopa mwanga, na msimamizi asiyesoma huumbuliwa na msomaji wa mbali.

Lakini kanuni haitoshi. Kanuni inaweza kuhesabu wanafunzi. Haiwezi kupima kama walilelewa. Mkono mmoja haulei mwana, lakini hata mikono kumi haitamlea ikiwa kila mmoja unangoja posho.

Ndugu wanafunzi, msidhani nasema haya ili tuwacheke au tuwasifu watu wa mbali. Sisi tunayo lugha iliyoheshimiwa na dola. Baraza lake la taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, mwaka ule ule ambao Wapunjabi wa India walipata sheria ya lugha yao. Leo tasnifu za uzamivu huandikwa kwa Kiswahili, jambo ambalo wakoloni wangelicheka. Lakini tujiulize kwa ukweli: ni ngapi kati yake zilitoka maktabani zikarudi kwa mwalimu wa shule ya msingi? Ni wazee wangapi waliosimulia, wakaachwa bila hata nakala ya maneno yao? Tunamsifu Fumo Liyongo, na tunamlaani kijana wake aliyemdunga sindano ya shaba kitovuni. Je, tumemwuliza kijana yule, kama Batalvi alivyomwuliza Luna, ni nani waliomhadaa, na walimwahidi nini? Sisemi jibu litakuwa la kumsafisha. Nasema swali ni letu, na asiyefundishwa kuuliza hawezi kuuliza.

Kwa walimu wenzangu ninalo neno moja. Tusione haya kwa kazi hii. Wapo watu wenye kumpima profesa kwa gari lake, na wengine kwa idadi ya safari zake za nje. Mwalimu wa lugha hupimwa kwa watu aliowaacha. Akiacha vitabu tu, vitabu vyaweza kuliwa na mchwa. Akiacha watafiti kumi wanaojua kusikiliza na kuuliza, hao watawalea wengine, na hadithi ya watu haitakosa wa kuitunza. Wanjara Bedi aliacha juzuu nane. Lakini juzuu hizo zitaishi kwa kadiri atakavyokuwapo mtu wa kuzifungua na kuziongeza.

Na kwa vijana nasema hivi. Kesho mkipita mjini mkamkuta fundi mzee mwenye kilemba, msiishie kumwuliza bei ya kutengeneza gari. Mwulizeni kama anamjua Luna, au kama alipokuwa mtoto aliimba wimbo wa Dulla Bhatti. Huenda akaweka spana chini, akatafuta stuli, akaanza kusimulia. Hapo toeni daftari, andikeni jina lake kwanza, kisha hadithi yake.